Kurumbiza aliponyamaza

Kuna jambo nilifanya mwezi wa tatu mwaka jana ambalo mpaka leo linanisuta, na nimeona niliandike hapa maana najua wapo wengi wanalifanya kila wikiendi bila kujua kama ni kosa.

Hapa kwetu Tengeru tuna kurumbiza. Yule ndege wa kichwa cheusi, nyusi nyeupe pee kama zimechorwa kwa chaki, kifua na tumbo rangi ya chungwa lililoiva. Makazi yake ni kichaka cha mchongoma pale nyuma ya migomba, na kila alfajiri giza bado limetanda ndo anaanza. Anaanza chini chini, kipande kimoja anakirudia, anakirudia tena, kila akirudia anaongeza sauti mpaka unahisi yuko ndani ya chumba na wewe, alafu anakata. Kimya kidogo. Anaanza kipande kingine. Mama mkwe wangu husema anamshukuru Mungu kwa siku mpya, na mi miaka yote niliamini hivo hivo, yaani niliona ni furaha tupu.

Sasa Jumamosi hiyo nikataka kumpiga video. Hatoki kichakani kirahisi, unamsikia tu. Nikakumbuka mdogo wangu anayeongoza watalii aliwahi kunionesha apu yenye sauti za ndege, nikatafuta wimbo wa kurumbiza, nikaweka simu juu ya tofali pale karibu na mfereji, nikafungulia sauti mpaka mwisho.

Alikuja haraka mpaka nikashtuka, hata nusu dakika haikuisha. Kwanza alipanda juu ya mparachichi akaimba kwa nguvu zake zote, nikasema safi, endelea baba. Simu nayo ikaendelea. Akashuka tawi la chini. Akashuka tena mpaka kwenye fensi. Na hapo ndo kikatokea kitu ambacho siku ile sikukielewa, aliacha kuimba kwa sauti. Nilikuwa hatua kama tano tu kutoka kwake, naona koo linatetemeka, mdomo umefunguka kidogo sana, na kinachotoka ni kama mnong'ono, inabidi utege sikio kweli kweli ndo ukisikie. Mkia anaupandisha na kuushusha. Nyuma yake kichakani kuna mwingine anatoa kisauti chembamba, tsii, tsii. Nikadhani kachoka, au kashazoea, nikaacha simu iendelee. Akaruka moja kwa moja kwenye simu, akapita karibu aiguse, akageuka, akarudi tena mara tatu nne, alafu akatua chini akawa analizunguka lile tofali anamtafuta mtu ambaye hayupo. Karibu dakika ishirini. Nikapata video yangu nzuri nikaituma kwenye grupu la familia, watu wakafurahi.

Kesho yake alianza kuimba kabla ya muda wake wa kawaida na hakukata mpaka jua limechomoza kabisa. Nikiwa kitandani namsikiliza nikaanza kujiuliza, hivi huyu jana alikuwa ananiambia nini? Ndo nikaanza kusoma, na nimesoma mwaka mzima sasa.

Cha kwanza nilichojifunza ni kwamba wimbo wa ndege, pamoja na kwamba anautumia kuvutia mwenza, ni kama hodi iliyogeuzwa. Sisi tukipiga hodi tunaomba kuingia, yeye anasema humu kuna mtu. Anasema hapa pana mwenyewe, yu mzima, yu macho, kwa hiyo wewe uliyeko huko pita mbali. Na kuna mtu aliyelithibitisha hilo kwa njia ambayo mi naona ni nzuri ajabu. Mwingereza mmoja, John Krebs, miaka ya 1970, kwenye msitu wa Wytham karibu na Oxford. Ndege wa msitu ule wamekuwa wakifuatiliwa tangu 1947, kwa hiyo walikuwa wanajulikana vizuri nani anakaa wapi. Yeye alishika wale wanaoitwa great tit, vidude vidogo vyenye kichwa cheusi na mashavu meupe, uzito gramu kama 18 tu, akawaondoa kwenye maeneo yao. Alafu sehemu nyingine akaweka spika zinazopiga wimbo wa ndege hao hao, sehemu nyingine spika zinazopiga mluzi wa kawaida ambao si wimbo wa ndege yeyote, na nyingine akaziacha kimya. Kisha akasubiri aone wavamizi wataingia wapi kwanza.

Sehemu za kimya na zile za mluzi zilichukuliwa mapema. Zile zenye wimbo zilikaa muda mrefu zaidi ndo zikaingiliwa. Hebu fikiria, hakuna ndege pale. Hakuna mdomo wala kucha wala bawa, kuna spika imefungwa kwenye mti, na bado wenzake wanaipa heshima ile mipaka kwa sababu tu ya sauti. Baadae wakaongeza jaribio, kumbe spika inayopiga nyimbo za aina kadhaa ilizuia wavamizi kwa muda mrefu kuliko inayopiga wimbo mmoja ule ule. Ndege mwenye nyimbo nyingi anaogopwa zaidi.

Mtu anaweza kuuliza kwanini wasipigane tu yaishe. Si waswahili wanasema fahari wawili hawakai zizi moja. Lakini we fikiria ndege wa gramu 18 akishikana na mwenzake chini kwenye majani. Jicho likitobolewa ndo kwaheri. Na hata akishinda, ile dakika wamekamatana mwewe haulizi nani ana haki. Na zaidi ya yote muda, maana kila dakika ya ugomvi ni dakika hajala wala hajalisha makinda. Wimbo unamsaidia kugombana bila kugusana. Mi hapa ndo nilipobadilika kabisa jinsi ninavyosikiliza alfajiri, kwa sababu kile nilichokiita furaha ni watu wanakumbushana mipaka kabla siku haijaanza, ili mchana kila mtu afanye shughuli zake.

Alafu kuna hili la majirani, ambalo kwangu ndo tamu kuliko yote. Ndege wanajuana kwa sauti. Sio kwamba anajua tu huyu ni kurumbiza na yule ni shore, hapana, anajua huyu ni yule jirani wa upande wa mfereji na yule ni mgeni sijawahi kumsikia. Na anawatendea tofauti. Jirani akiimba kutoka kwenye eneo lake, mwenyeji anajibu kidogo tu anaendelea na yake. Mgeni akiimba kutoka sehemu ile ile, moto unawaka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jirani anajulikana anataka nini, ana kwake, ana jike lake, mpaka walishauweka. Mgeni hana kitu, kwa hiyo anaweza kutaka vyote.

Na usidhani ni kumbukumbu ya siku mbili. Kuna ndege mdogo wa njano wa Marekani, dume lake lina kofia nyeusi inayofunika kichwa chote na kubakiza uso, mtafiti Renee Godard alimfanyia kazi kule North Carolina na majibu yakatoka 1991. Ndege hawa wanazaliana Marekani alafu wanaondoka kwenda Amerika ya Kati kwa miezi mingi, huko hawaimbi hizi nyimbo za mipaka. Wanaporudi, Godard akawapigia sauti za majirani zao wa mwaka uliopita. Sauti ikitoka upande ule jirani alikokuwa anakaa, ametulia. Sauti ya jirani yule yule ikitoka upande mwingine, upande usio wake, anakuja juu. Maana yake miezi nane imepita, amevuka bahari kwenda na kurudi, na bado anakumbuka sauti ya fulani na anakumbuka fulani alikuwa anakaa wapi. Mi nilipoisoma hiyo niliinuka nikaenda kusimama dirishani.

Na hapo hapo nikaelewa kosa la kwanza la simu yangu. Ile rekodi ilikuwa ya kurumbiza wa mbali huko, sijui hata wa nchi gani. Kwa huyu wa kwangu haikuwa jirani wa mfereji. Ilikuwa mgeni kabisa, katua katikati ya uwanja wake, anaimba kwa sauti ya kupita kiasi, na hajibu lugha yoyote ya kuelewana wala haondoki.

Maana kuna lugha ya kuelewana, na huyu ndege mmoja wa Marekani anaitwa song sparrow ameifundisha dunia mengi. Michael Beecher na wenzake wamemfuatilia miaka mingi kwenye Discovery Park, Seattle. Kila dume ana nyimbo kama nane tisa hivi, alizojifunza akiwa mdogo kutoka kwa madume wa jirani, kwa hiyo majirani unakuta wana nyimbo kadhaa za pamoja na nyingine ambazo mmoja anazo mwenzake hana. Sasa angalia wanavyozitumia. Jirani akiimba, mwenyeji anaweza kujibu kwa wimbo ambao mwenzake hana, hiyo ni ya kupoa. Anaweza kujibu kwa wimbo wa pamoja lakini sio ule aliouimba mwenzake, hiyo ni kusema nimekusikia, najua ni wewe. Au anaweza kujibu kwa wimbo ule ule aliouimba mwenzake, na huo sasa ni uchokozi. Anayejibiwa hivo anaweza akabadili wimbo mambo yapoe, au akang'ang'ania ule ule na kusogea karibu.

Mtu aliyekulia kwenye magazeti ya zamani yenye kurasa za mashairi analijua hili vizuri. Malenga akitaka kumjibu mwenzake anachukua vina vile vile na mizani ile ile, anamrudishia. Angetaka yaishe angeandika la kwake jipya. Ukiona karudi na vina vile vile, jua kuna jambo.

Alafu mnong'ono. Hapa ndo ninaposutwa zaidi.

Watafiti watatu, William Searcy, Rindy Anderson na Stephen Nowicki, walitoa kazi yao 2006 juu ya hao hao song sparrow, wa Pennsylvania. Waliweka ndege aliyekaushwa, aliyejazwa ndani, pamoja na spika, kwenye eneo la dume, wakawa wanaandika kila anachofanya mwenye eneo mpaka waone kama atashambulia au hatashambulia. Walitaka kujua ni ishara gani inasema kweli kwamba sasa napiga. Ungedhani ni sauti kubwa. Hapana. Ishara iliyotabiri shambulio ni wimbo wa chini, wimbo wa kunong'ona ambao ukiwa mbali kidogo hausikii kabisa. Dume anaponyamaza hivo akabaki kunong'ona, maneno yameisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walilisema zamani na mi nimelisikia tangu darasa la tatu, ila siku nilipoliona kwa macho yangu, hatua tano kutoka kwenye fensi, sikulitambua. Nikadhani kachoka.

Wanasayansi bado wanabishana kwanini anong'one badala ya kupaza. Wapo wanaosema anakwepa kusikiwa na wengine, maana ugomvi ukijulikana majirani wengine watakuja kujaribu bahati yao. Mi naona hiyo ina mashiko, kwa sababu masikio ya wengine ni kitu kikubwa sana kwenye maisha ya ndege. Kule Ontario, Kanada, Daniel Mennill na wenzake mwaka 2002 walionesha jambo ambalo lilinifanya niifute ile apu. Kuna ndege wadogo wanaitwa chikadi, madume yao yanajulikana cheo, yupi mkubwa yupi mdogo. Wao walitumia spika kushindana kuimba na dume, dakika chache tu, spika nyingine zikawa zinajifanya mnyonge na nyingine zinamkandamiza dume kwa kumkatiza katikati ya wimbo. Baadae walipopima damu ya makinda wakakuta madume wa cheo cha juu walioshindwa na spika walikuwa na makinda mengi zaidi yasiyo yao kwenye viota vyao kuliko wale walioshinda. Majike walikuwa wamekaa pembeni wanasikiliza. Walisikia bwana wao kashindwa, wakaenda kutafuta kwingine. Dakika chache za spika. Na yule aliyemshinda hata hakuwepo.

Mi niliweka dakika ishirini. Na yule wa kichakani aliyekuwa anatoa tsii tsii, sasa najua ni jike lake, maana hawa kurumbiza wanaimba wawili, jike anatia sauti yake nyembamba juu ya ya dume. Alikuwepo. Alisikia yote.

Hata ile ya kesho yake kuanza mapema ina maelezo. Kuna ndege mdogo wa kahawia wa Ulaya, mkia umesimama juu kama kidole, Valentin Amrhein na mwenzake waliwapigia rekodi ya mvamizi, na kesho yake alfajiri, wakati hakuna spika tena, wakakuta wanaimba zaidi kuliko siku ya kabla. Yaani ugomvi wa jana anaenda kuulipia kesho gizani, tumbo tupu, wakati angekuwa anatafuta wadudu.

Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza yote haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akasema, "Dada nimekuelewa, ila mgeni kalipa hela nyingi kuja kumwona ndege, na ana siku moja tu, nifanyeje?" Nikamwambia mdogo wangu, mi sikuambii usiwaoneshe ndege. Mfikishe mgeni mapema, mkae kimya, msikilize anakoimbia mwenyewe, atatokea. Na kama ni msimu wa kutaga usiguse kabisa hiyo simu, na kama ni ndege adimu mwenye kaeneo kadogo ambako kila muongozaji anapitisha wageni, basi usiguse msimu wowote, maana wewe unapiga mara moja lakini yeye anasikia ya kwako na ya mwenzako na ya mwingine, kila siku mvamizi mpya. Akakaa kimya kidogo. Baadae akaniambia ameanza kuwafundisha wageni kusikiliza kwanza, na wengine wanapenda hivo zaidi. Mungu ambariki.

Kitu kingine kilichoniuma kwenye kusoma ni jinsi tulivyofundishwa kwamba dume ndo anaimba, jike kazi yake kusikiliza. Hiyo imetokana na watu wengi kusoma ndege wa nchi za baridi. Mwaka 2014 Karan Odom na wenzake walikusanya taarifa za aina 323 za ndege wanaoimba, wakakuta asilimia 71 majike nao wanaimba. Sisi wa huku tropiki tungewaambia bure. Hapa kwetu kuna tiva, yule mweusi juu mweupe chini, unasikia kengele tatu za chini alafu mlio mkavu unamalizia, unadhani ni ndege mmoja, ukichungulia unakuta wawili, mmoja huku mmoja kule, wanapokezana bila kuacha hata upenyo wa pumzi. Wakilinda eneo wanalinda wote wawili. Na Ulmar Grafe na mwenzake Johannes Bitz, waliowasoma tiva wa Côte d'Ivoire, waliandika 2004 kwamba kuna wimbo mmoja wa wawili ambao tiva wanauimba baada ya ugomvi kuisha, na wanaouimba ni walioshinda. Walioondoka hawauimbi. Ni kama kuwatangazia majirani wote waliokuwa wanasikiliza kwamba yameisha, na sisi bado tupo. Tangu nisome hiyo, nikisikia tiva wamepiga kelele sana alafu kimya, huwa nasubiri nisikie nani atamalizia.

Shida ya hapa siku hizi ni bodaboda. Kituo kimehamia karibu, na kuanzia saa kumi na mbili kasoro ni ngurumo tu. Huwa nawaza itakuwaje ndege akishindwa kusikia jirani yake kasema nini. San Francisco mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani kwa ajili ya korona na magari yakapungua, Elizabeth Derryberry na wenzake wakarekodi shomoro wa pale wenye mistari myeupe kichwani, wakakuta wanaimba kwa sauti ya chini kuliko miaka ya nyuma, na bado wimbo wao unasikika mbali karibu mara mbili. Kumbe miaka yote walikuwa wanapiga kelele ili wasikike tu. Kurumbiza wangu nimemwona naye anaanza mapema zaidi tangu bodaboda zije, ila siwezi kusema ni kwa ajili yao, labda ni mvua, labda ni makinda.

Mwaka huu mwezi wa tatu nilikuwa na wasiwasi. Wiki nzima ya kwanza mchongoma ulikuwa kimya, nikaogopa nimewafukuza. Jumatano ya wiki ya pili, saa kumi na moja na dakika chache, nikasikia kipande kimoja chini chini kabisa upande wa migomba. Kikarudiwa. Kikapanda. Ng'ambo ya mfereji kule kwa jirani yetu mwingine akajibu, mara moja tu, hakusogea. Huyu wa kwetu akaimba tena, na safari hii nikasikia na ile tsii juu yake. Simu ilikuwa mezani. Nikaifunika na kanga nikafungua dirisha.